Saa ya Tukio na Saa ya Taarifa Kufika: Hesabu Ifuate Ipi?

Dereva mmoja wa lori la maziwa alikuja ofisini kwetu Dar es Salaam ameshika karatasi mbili. Moja ilikuwa ripoti iliyotoka kwenye mfumo wetu wa kufuatilia joto la magari ya mizigo, nyingine barua ya tajiri wake ya kumkata mshahara. Ripoti ilisema kwamba kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, wastani wa joto ndani ya bodi la gari ulipanda kupita nyuzi 5 zilizoandikwa kwenye mkataba na mwenye mzigo. Tajiri akaamini kwamba dereva alizima mtambo wa baridi ili dizeli ibaki aiuze.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, nieleze jambo moja tu. Saa nne hiyo mnayoisema nilikuwa katikati ya hifadhi ya Mikumi. Pale nani anasimama akafungue milango ya gari?"

Tulifungua data mbele yake. Vipimo vya joto kali vilichukuliwa saa 10 alfajiri, gari likiwa bado linapakiwa Iringa na milango iko wazi. Laini ya kifaa cha kupimia joto kilichomo garini haikushika mtandao, kifaa kikavihifadhi vipimo kwenye kumbukumbu yake, na kiliposhika mtandao saa 4 kikavitema vyote kwa mpigo. Mfumo wetu ukaviingiza kwenye hesabu ya saa 4, kwa kuwa ndiyo saa vilipofika. Kosa lilikuwa letu.

Naanza na mzee huyu kwa sababu mjadala wa namna ya kujumlisha thamani za muda kwenye mikondo ya data huachiwa mafundi peke yao, kama vile hauwahusu wengine, wakati mwisho wa hesabu hizo unaweza kuwa mshahara wa mtu. Mjadala wenyewe una pande mbili, na zote zina hoja. Nimewahi kusimama upande mmoja, nikahamia wa pili, na leo nina msimamo nitakaoueleza. Lakini hoja za upande niliouacha hazijakufa.

Mkondo wa data ni taarifa zinazoingia bila kikomo: joto la bodi, kasi ya gari, malipo, vitengo vya umeme. Faili la mwezi ulioisha lina mwanzo na mwisho, mkondo hauna. Kwa hiyo ukitaka jumla au wastani, ni lazima ukate kipande: dakika 5, saa 1, siku 1. Kipande hicho mafundi hukiita dirisha. Yapo madirisha yanayofuatana bila kugusana, yapo yanayolaliana kama mabati ya paa, na yapo yanayofungwa pale ukimya unaporefuka. Kukata si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye swali moja: kipimo kilichochukuliwa saa 10 alfajiri na kufika saa 4 asubuhi kiingie dirisha lipi?

Yeyote mwenye simu hapa kwetu anaijua tofauti hii, hata kama hajawahi kuipa jina. Simu ikizimika asubuhi, meseji ya muamala wa M-Pesa huingia jioni, lakini ndani yake imeandikwa tarehe na saa ya muamala wenyewe. Wakala anayelinganisha daftari lake hatazami saa simu ilipolia. Anatazama saa iliyoandikwa ndani ya meseji. Saa ile ya ndani ndiyo wakati wa tukio. Saa simu ilipolia ni wakati wa kufika. Wakala wa mtaani hazichanganyi, lakini mfumo wetu ulizichanganya kwa miezi.

Hatukuwa peke yetu. Kafka, bomba la data lililozaliwa LinkedIn na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011, lilikaa hadi toleo la 0.10 la mwaka 2016 ndipo kila ujumbe ukapewa nafasi rasmi ya kubeba saa yake. Storm, programu ya kuhesabu mikondo ambayo Twitter iliitoa hadharani mwaka huohuo wa 2011, nayo mwanzoni haikuja na madirisha yanayofuata wakati wa tukio. Wahandisi wa Google ndio waliolisukuma suala hili mbele: mwaka 2013 walichapisha maelezo ya mfumo wao wa MillWheel, na mwaka 2015 wakachapisha yale ya Dataflow, ambamo walisema wazi kwamba mwenye mkondo hana namna ya kujua kwa yakini kama data zote zimeshafika, na kwamba anachopaswa kufanya ni kupima mambo matatu: usahihi, uharaka na gharama. Ukivuta moja, mengine mawili yanalegea. Flink, programu nyingine ya kuhesabu mikondo iliyotokana na utafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Berlin na vyuo jirani, ikayaweka mawazo hayo mikononi mwa watu wa kawaida kama sisi.

Sasa nianze na upande wa saa ya kufika, kwa sababu mara nyingi hudharauliwa bila kusikilizwa.

Dada mmoja niliyefanya naye kazi, mkongwe kunizidi kwenye fani hii, aliutetea upande huo kwa bidii. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kengele. Mtambo wa baridi ukizimika Ruaha Mbuyuni, mtu wa chumba cha uangalizi anatakiwa ajue sasa hivi, ampigie dereva, maziwa yaokolewe. Ukisubiri mpaka uhakikishe vipimo vyote vya saa nzima vimefika, utapata ripoti sahihi ya maziwa yaliyokwisha kuganda.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba saa za vifaa hudanganya. Hapa alikuwa na mifano, na ni ya kweli. Kifaa ambacho betri yake ya ndani imekufa kikiwashwa upya huamini kwamba ni tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu. Mfumo wa GPS wenyewe huhesabu wiki kwa nafasi 1024 tu, kisha unarudi sifuri. Ulirudi sifuri usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na vipokezi vya zamani ambavyo programu yake haikurekebishwa vikawa katika hatari ya kudhani ni Agosti 1999. "Unataka nimwamini shahidi asiyejua hata mwaka?" aliniuliza. Saa ya seva yetu, alisema, ni moja, tunaisimamia wenyewe, na haiendi mbele mwaka mzima kwa bahati mbaya.

Ya tatu ilikuwa utulivu wa namba. Ukihesabu kwa saa ya kufika, dirisha likifungwa limefungwa. Hakuna anayekuja kesho kusema jana haikuwa 312, ilikuwa 318. Meneja akichapisha namba, inabaki hiyohiyo. Na ya nne ilikuwa gharama: huna haja ya kuweka madirisha mengi wazi kwenye kumbukumbu ya seva yakiwasubiri wachelewaji. Magari 200 yanayotuma kipimo kila sekunde 30 huleta vipimo 576,000 kwa siku. Kuviweka vyote mezani vikisubiri ndugu zao kunagharimu.

Hoja hizi nne hazina uzito sawa. Ya utulivu wa namba ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyomponza mzee. Namba isiyobadilika si lazima iwe ya kweli. Kinachoifanya isibadilike ni kwamba imekataa kuwasikiliza waliochelewa, au kibaya zaidi, imewasikiliza na kuwaandika mahali pasipo pao. Halafu iko kasoro nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wameshaumia: ukihesabu kwa saa ya kufika huwezi kuirudia hesabu. Seva ikifa saa 2 usiku na kuamka saa 4, data zote zilizokuwa kwenye foleni zinaingia kwa dakika chache, na hesabu ya saa 4 inaonyesha kama nchi nzima imekwenda barabarani kwa pamoja. Ukizipitisha tena wiki ijayo kuhakiki, unapata jibu la tatu. Hesabu inayotoa majibu matatu kwa data zilezile haiwezi kupelekwa mbele ya mtu anayedaiwa.

Hoja ya kengele ni kweli tupu, ila inazungumzia kazi tofauti. Kengele humwambia mtu atazame. Hesabu humwambia mtu alipe. Kipimo cha nyuzi 9 kikifika sasa hivi, na saa yake ya ndani inasema ni cha dakika hii, kengele ilie bila kungoja chochote. Kama saa yake ya ndani inasema ni cha saa sita zilizopita, kengele ya nini tena?

Hoja ya saa zinazodanganya ndiyo iliyonikosesha usingizi, na hapo ndipo panahitaji kukaa.

Mfumo unaofuata wakati wa tukio huwa na kitu kinachoitwa alama ya maji. Mtu wa pwani haimpi tabu: ni ule mstari unaoonyesha maji yamefika wapi. Kwenye mkondo, alama ya maji ni tamko la mfumo kwamba "kwa kadiri ninavyojua, kila kilichotokea kabla ya saa 4:30 kimeshafika." Dirisha la saa 3 hadi saa 4 hufungwa alama ikilipita. Njia inayotumika sana kuipata ni kuchukua saa kubwa kuliko zote iliyoonekana kwenye data na kuipunguza, tuseme dakika 5, kuwapa nafasi wachelewaji.

Ndipo anapoingia shahidi asiyejua mwaka. Mkondo ukiwa haujagawanywa katika sehemu, kifaa kimoja kikija na saa iliyo mwaka mmoja mbele, alama ya maji inaruka mwaka mmoja kwa kipimo kimoja. Madirisha yote yanafungwa. Magari mengine yote, yenye saa sahihi kabisa, yanaonekana yamechelewa mwaka, na data zao zinatupwa. Flink, usipoiagiza vinginevyo, huzitupa kimyakimya. Hakuna kosa litakaloandikwa kwa wino mwekundu; utaona tu jedwali tupu na kuanza kulaumu mtandao. Upande wa pili wa shilingi nao upo: sehemu moja ya mkondo ikinyamaza kabisa, labda magari yake yote yamelala gereji, alama ya maji inakwama hapo, kwa sababu mfumo hufuata sehemu iliyo nyuma kuliko zote. Madirisha hayafungwi, na ripoti za wengine wote haziji. Tiba ipo, kwani Flink inakuruhusu kusema kwamba sehemu iliyokaa kimya kwa muda fulani isisubiriwe, lakini ni lazima uiombe.

Kwa hiyo dada yule alikuwa sahihi kwamba saa ya kifaa si ya kuaminiwa hivihivi. Alipokosea, kwa maoni yangu, ni kwenye dawa. Kwa sababu saa ya seva ipo, itumike kumkagua shahidi badala ya kumfukuza. Kipimo kinachodai kutoka wakati ujao kwa zaidi ya dakika chache kiwekwe kando kabla hakijagusa alama ya maji. Kipimo cha mwaka 1970 au 1999 nacho kiwekwe kando. Kwa kawaida waliobaki ni wengi mno, na saa zao ziko sawa, kwa kuwa kifaa chenye anga wazi hupata saa kutoka satelaiti zilezile zinazokipa mahali kilipo. Kila kipimo kiandikwe saa zote mbili, ya tukio na ya kufika. Ni tarakimu chache tu, na ndizo zilizomwokoa mzee: kama tungekuwa tumehifadhi saa ya kufika peke yake, tusingekuwa na cha kumwonyesha tajiri wake.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kuhesabu ni kujumlisha tu. Kwa miamala ni hivyo. Shilingi 500 na shilingi 200 ni 700, ianze ipi, ifuate ipi. Lakini joto, kasi, kiasi cha mafuta kwenye tangi, umeme unaotumika, hizi ni thamani zinazodumu. Kipimo hakisemi "nimeongezeka", kinasema "kuanzia sasa hali iko hivi, mpaka nitakapokwambia vingine." Watu wengi huzipigia wastani kama wanafunzi wanavyopigiwa wastani wa mitihani, na hapo hata aliyefuata wakati wa tukio kwa uaminifu anaweza kumwonea mtu.

Chukua mfano. Kifaa cha kuokoa bando hutuma kipimo kila dakika 5 hali ikiwa tulivu, na kila sekunde 30 joto likibadilika. Ndani ya saa moja, milango imefunguliwa dakika 6 na joto likawa nyuzi 9. Dakika 54 zilizobaki lilikuwa nyuzi 3. Dakika 6 za fujo zimetoa vipimo 12. Dakika 54 za utulivu zimetoa vipimo 11. Ukijumlisha vyote na kugawa kwa 23, unapata nyuzi 6.1: dereva amevunja mkataba. Ukizidisha kila joto kwa dakika lilizodumu, yaani 9 mara 6 na 3 mara 54, ukagawa kwa 60, unapata nyuzi 3.6: dereva hana kosa, tena amebaki na nafasi. Data ni zilezile, saa ni ileile, na mtu mmoja amehukumiwa mara mbili tofauti. Wastani wa kwanza unapima kifaa kilipiga kelele mara ngapi. Wa pili unapima maziwa yaliishi katika joto gani.

Nausisitiza mfano huu kwa sababu ndipo hesabu ya papo kwa papo inapokuwa ngumu kweli, na ndipo watetezi wa wakati wa tukio, nikiwamo mimi, tunapopenda kupita haraka. Wastani wa muda unategemea majirani: kila kipimo kinahitaji kujua kinachokifuata kilichukuliwa lini. Sasa mchelewaji akifika katikati, haongezi namba moja tu, anavunja uzio. Tuseme una kipimo cha saa 3:10 kinachosema nyuzi 3, na kinachofuata ni cha saa 3:40 kinachosema nyuzi 8. Mfumo unaandika kwamba nyuzi 3 zilidumu dakika 30. Halafu kinaingia kipimo kilichochelewa, cha saa 3:15, kinachosema nyuzi 8. Zile dakika 30 za nyuzi 3 zimekuwa dakika 5, na dakika 25 zimehamia kwenye kosa. Kipimo kimoja kimegeuza karibu nusu saa. Hivyo haitoshi kuhifadhi jumla na idadi. Inabidi uviweke vipimo vyenyewe, kwa mpangilio wa saa zao, mpaka uamue kufunga. Hoja ya gharama ya dada yule inarudi mlangoni, na safari hii siwezi kuifukuza.

Kuna na mipaka ya madirisha. Kipimo cha saa 3:58 kinachofuatiwa na cha saa 4:03 kimetawala dakika 5, mbili za saa 3 na tatu za saa 4. Mfumo ukifunga dirisha la saa 3 na kusahau kila kitu, dirisha la saa 4 linaanza na shimo la dakika tatu. Kila saa, kila gari. Sisi tuliligundua kosa hili kwa sababu jumla ya dakika za siku haikufika 1,440 hata kwa gari lililoshinda mjini penye mtandao siku nzima.

Jambo la siku nalo lina vurugu yake. Madirisha ya siku nzima kwenye Flink huanza saa sita usiku ya saa za dunia, yaani UTC, usipoyasogeza mwenyewe. Kwetu hapo ni saa 9 usiku. Lori lililopakiwa saa 8 usiku Jumanne linahesabiwa Jumatatu, na karani anayelinganisha na kitabu cha getini anaona mzigo umepotea na mwingine umezuka. Kusogeza saa tatu ni mstari mmoja wa programu. Lakini mtu anayehesabu saa zake kuanzia mapambazuko, ambaye usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, anapaswa kuwa wa kwanza kuuliza "siku yenu inaanzia wapi?" kabla hajaitia sahihi ripoti yoyote.

Basi tusubiri kwa muda gani? Hata vyombo vyenyewe havikubaliani. Flink kwa kawaida hutoa jibu mara moja tu, alama ya maji ikipita mwisho wa dirisha, na mchelewaji wa baada ya hapo hana pa kuingia. Kafka Streams, programu ya kuhesabu mikondo inayokuja na Kafka, ina tabia nyingine: hutoa jibu na kulirekebisha kila kipimo kipya kinapoingia, na kwa miaka kadhaa iliwapa wachelewaji saa 24 bila mtu kuomba. Lakini tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, njia mpya za kuandika madirisha zinamtaka mwandishi wa programu aseme mwenyewe atawapa muda gani, hata kama ni sifuri. Naipenda hatua hiyo. Muda wa kusubiri ni uamuzi wa kibiashara na wa haki, na haufai kujificha kwenye namba ambayo hakuna aliyeichagua.

Kuna njia ya tatu ambayo ofisi nyingi ndogo huifuata bila kuipa jina. Nathan Marz aliieleza tangu mwanzoni mwa muongo uliopita na kuiita Lambda: njia ya haraka itoe namba ya kukisia sasa, njia ya taratibu ihesabu upya data zote usiku na kufuta makosa. Mwaka 2014 Jay Kreps, mmoja wa waasisi wa Kafka, aliipinga kwa hoja kwamba unajikuta unaandika mantiki ileile mara mbili katika mifumo miwili, na mara zote mbili lazima zilingane. Nimeishi pande zote. Kreps ana haki: tulikuwa na kanuni ya nyuzi 5 kwenye programu ya mchana na kanuni ya nyuzi 5 kwenye hesabu ya usiku, moja ikisema "zaidi ya 5", nyingine "5 au zaidi", na tulibishana wiki nzima kabla hatujaona. Hata hivyo, kwa ofisi ya watu watatu ambayo wateja wake wanasoma ripoti asubuhi tu, ningewashauri waandike hesabu ya usiku peke yake, kwa wakati wa tukio, na kengele mbichi mchana. Waache madirisha na alama za maji mpaka siku watakapodaiwa hesabu ya saa hiyohiyo. Mkondo si sifa ya kujivunia.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Namba yoyote itakayogusa fedha, kazi au jina la mtu ihesabiwe kwa saa ya tukio, na ikiwa ni ya thamani inayodumu, ipimwe kwa muda iliyodumu. Saa ya kufika ibaki na kazi mbili: kulisha kengele, na kupima afya ya mfumo wenyewe, kwa maana tofauti kati ya saa mbili hizo ndiyo inayokuonyesha magari yapi yamekatika. Namba itolewe mapema ikiwa na neno "ya awali" kando yake, ifungwe baada ya muda uliotajwa kwenye mkataba, na anayekuja baada ya kufungwa asitupwe, aandikwe kwenye daftari la marekebisho ambalo pande zote zinaweza kulisoma. Meneja asiyependa namba kubadilika atazoea. Asipozoea, asome ya mwisho tu.

Sisi tulichagua saa 6 za kusubiri, baada ya kukaa na data zetu wenyewe na kutazama wachelewaji huchelewa kiasi gani. Wengi hufika ndani ya dakika chache. Wanaobaki ni wa vipande vya barabara visivyo na mtandao, na hao hufika gari likifika mji unaofuata. Mwenye mita za umeme au vipimo vya mvua atapata namba tofauti, na aitafute kwake.

Jambo la mwisho tuliloongeza ni safu moja kwenye ripoti, inayosema ni dakika ngapi kati ya 60 tuna ushahidi nazo. Kifaa kikinyamaza dakika 40, zamani tulikivuta kipimo cha mwisho mpaka kinachofuata, kama kwamba hakuna kilichobadilika. Sasa kimya kikizidi dakika 10, tunaacha kudhani. Saa hiyo inaandikwa wastani wake, na pembeni: dakika 20.

Mzee alirudishiwa pesa yake mwezi uliofuata. Juzi alinipigia simu, ameiona ripoti mpya. "Hii safu yenu ya dakika," aliniuliza, "ikiandikwa ishirini, zile arobaini zilizobaki zinahesabiwa kwa nani?" Nilimjibu kwamba kwa sasa hazihesabiwi kwa yeyote. Mkataba hauzitaji. Wenye mzigo wanataka zihesabiwe kama kosa mpaka dereva athibitishe vingine, na sisi tumekataa kuiandika kanuni hiyo kwenye programu mpaka madereva nao waitwe kwenye kikao. Barua ya kuomba waitwe tumeshaipeleka.